Nani anaua magazeti ya wiki? Hata wewe umo!

Ndugu msomaji, kabla hatujafika mbali nikuulize swali moja. Gazeti hili ulilolishika umelinunua au umeliazima? Usikasirike. Nenda asubuhi yoyote kwa muuza magazeti, iwe Mnara wa Saa, Stendi Ndogo au Kilombero, utawakuta vijana wamesimama duara, shingo zimenyooka kama twiga, wanasoma vichwa vya habari vya kurasa za mbele. Wanabishana. Mmoja anasema habari hii ni ya uongo, mwingine anaapa kwamba ni kweli tupu na kwamba yeye aliijua tangu juzi. Kisha kila mmoja anashika njia yake kwenda Ngarenaro, Sakina au Unga Limited, na mwenye meza anabaki na magazeti yake kama alivyoyapanga alfajiri.

Wengine siku hizi hata kwenye meza hawafiki. Wanasubiri mtu mmoja anunue, apige picha kurasa zote na kuzirusha kwenye grupu la simu. Watu mia mbili wanasoma, aliyelipa ni mmoja. Halafu siku gazeti likifa, hao mia mbili ndio wa kwanza kupiga kelele kijiweni: "Jamani, lile gazeti liko wapi? Serikali hii haitaki ukweli!"

Mimi nasema tusidanganyane. Gazeti la wiki lina maadui wanne. Watatu tunawajua na tunawalaani kila siku. Wa nne tunamkuta kwenye kioo tukichana nywele.

Nianze na hadithi ya jirani, maana jirani akinyolewa wewe tia maji.

Mwezi Februari mwaka 1975, pale Nairobi, mtu mmoja aitwaye Hilary Ng'weno alianzisha jarida la habari la kila wiki lililoitwa The Weekly Review. Ng'weno hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa amesoma fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, akarudi nyumbani na kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa mhariri mkuu wa Daily Nation katika miaka ya 1960. Mwaka 1973 yeye na mchoraji Terry Hirst walianzisha jarida la vichekesho na katuni lililoitwa Joe. Kwa maneno mengine, huyu bwana aliweza kuwachekesha wakubwa na kuwakosesha usingizi pia.

Jarida lake jipya lilikuwa la Kiingereza, tena si Kiingereza cha kuombea maji. Lakini siri yake haikuwa lugha. Siri ilikuwa kazi. Gazeti la kila siku linakuambia kwamba waziri kafukuzwa. Gazeti la wiki linatakiwa likuambie nani alimchimbia shimo, tangu lini, kwa sababu gani, na nani sasa anakaa kwenye kile kiti. Hiyo ndiyo tofauti. Anayeandika kila siku anakimbizana na saa. Anayeandika kwa wiki anapata nafasi ya kuuliza mara ya pili na ya tatu, kulinganisha maneno ya leo na yale ya mwaka jana, na kumkamata mkubwa akijipinga mwenyewe.

Jarida lilikuwa halijamaliza hata miezi miwili likakutana na mtihani. Machi 2, 1975, mbunge machachari wa Nyandarua Kaskazini, Josiah Mwangi Kariuki, maarufu kama J.M., alitoweka jijini Nairobi. Gazeti moja kubwa la kila siku likaandika kwamba yuko Zambia. Kumbe marehemu alikwisha kuuawa, na maiti yake ilipatikana kule Ngong. Nchi ilitikisika. Bunge likaunda kamati teule ya uchunguzi. Wakenya waliotaka kuelewa kilichokuwa kinatokea, si kutangaziwa tu, walilishika jarida lile changa, nalo likajijengea jina ambalo halikutoka tena. Hadi leo wanaoandika historia ya siasa za Kenya za miaka ile hawawezi kulikwepa. Wanalifungua ukurasa kwa ukurasa kama mtu anayefungua daftari la deni.

Sasa sikiliza mwisho wake. The Weekly Review lilidumu miaka 24. Lilipita utawala wa Kenyatta, likapita jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, likapita chama kimoja, likaingia vyama vingi. Mwezi Mei mwaka 1999 likafungwa. Hakuna askari aliyevunja mlango. Hakuna waziri aliyetangaza redioni. Lilikufa kimya kimya, kama taa ya kibatari iliyoishiwa mafuta. Ng'weno mwenyewe alifariki Julai 2021, na magazeti yote ya Nairobi yaliandika jinsi alivyokuwa shujaa wa habari. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu alisifiwa baada ya tembo kukauka.

Nini kilitokea? Hapa ndipo vijana mnapotakiwa kusoma taratibu.

Mwaka 1977 Ng'weno alianzisha gazeti jingine, Nairobi Times. Karatasi ni fedha, wino ni fedha, mishahara ni fedha, na matangazo makubwa yako mikononi mwa mashirika ya umma na makampuni yasiyotaka ugomvi na wakubwa. Mwaka 1983 Nairobi Times likauzwa. Mnajua lilinunuliwa na nani? Chama tawala, KANU! Likageuka kuwa Kenya Times, msemaji wa chama. Gazeti lililoanzishwa ili lisiwe la mtu likawa la wenye nchi, na halikufungiwa hata siku moja. Lilinunuliwa tu.

The Weekly Review lenyewe lilibaki, lakini wasomaji wake wengi wakaanza kunung'unika kwamba limelainika kwa serikali ya Moi. Wakati huo huo vijana wenye hasira walikuwa wanaanzisha majarida yao. Gitobu Imanyara alianzisha The Nairobi Law Monthly mwaka 1987, likapigwa marufuku mwaka 1990 na yeye mwenyewe akaonja mahabusu. Jarida la Beyond, la Wakristo, lilipigwa marufuku mwaka 1988 baada ya kuandika juu ya uchaguzi wa kupanga mlolongo nyuma ya wagombea, na mhariri wake Bedan Mbugua akafungwa jela. Yalikuwepo Finance na Society, ambayo polisi waliyanyang'anya mitaani. Msomaji mwenye njaa ya mageuzi akaenda huko kwenye moto, akamwacha mzee.

Kwa hiyo hapo mmewaona maadui watatu. Wa kwanza ni amri: mkubwa anatia saini na gazeti linakufa asubuhi. Wa pili ni tangazo: mkubwa hatii saini yoyote, anawaambia tu wenye makampuni peleka kule, usipeleke huku. Wa tatu ni mhariri mwenyewe: anachoka, ana watoto, ana madeni, anaanza kuandika kwa kupapasa. Huyu wa tatu tusimhukumu haraka. Mtu halainiki hivi hivi. Analainika pale anapoangalia nyuma na kuona hakuna anayemfuata.

Wewe utasema: hayo ni ya Wakenya, sisi Arusha yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Kutoka hapa hadi Namanga ni mwendo wa kama saa mbili. Lakini kuanzia Februari 1977, Jumuiya ilipokufa, mpaka ule ulifungwa, na ukafunguliwa Novemba 1983 baada ya wakubwa watatu kukubaliana hapa hapa Arusha. Miaka yote ile Mkenya alisoma ya kwake na sisi tulisoma ya kwetu. Na ya kwetu yalikuwa yapi? Uhuru na Mzalendo, ya chama. Daily News, la serikali. Mfanyakazi, la jumuiya ya wafanyakazi ambayo nayo ilikuwa mkono wa chama. Ngurumo, lililokuwa la mtu binafsi, lilikuwa limekwisha kutoweka. Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 ilimpa mkubwa uwezo wa kulifungia gazeti kwa amri akiona tu kwamba maslahi ya umma yanataka hivyo. Nani anapima maslahi ya umma? Yeye mwenyewe!

Vyama vingi vilipoingia mwaka 1992, magazeti ya wiki yaliota kama uyoga. Ndipo kijana wa kijiweni, wa Kaloleni na Mianzini, mpiga debe, machinga, broka wa mawe ya Mirerani, kwa mara ya kwanza akasoma kwa Kiswahili chake jina la kigogo likiandikwa bila ya kuvishwa koti la sifa. Lakini ile Sheria ya 1976 ilibaki palepale, imelala kabatini kama panga lililotiwa mafuta.

Panga likatumika. Julai 2012 gazeti la wiki la MwanaHalisi lilifungiwa kwa muda usiojulikana, baada ya kuandika habari za kutekwa na kuteswa kwa daktari Steven Ulimboka, kiongozi wa mgomo wa madaktari. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ikasema amri ile haikuwa halali. Miaka mitatu ilikuwa imekwisha kupotea. Septemba 2017 likafungiwa tena, mara hii miezi 24. Januari 2016 lilifungiwa Mawio. Agosti 2016 likafungiwa Mseto, miaka mitatu. Baadaye Tanzania Daima nalo likanyang'anywa leseni. Februari 2022 serikali ikatangaza kuyarudishia leseni yote manne. Waziri aliyetangaza ni Nape Nnauye. Na waziri aliyelifungia Mseto mwaka 2016 alikuwa nani? Nape Nnauye huyo huyo!

Simshambulii mtu. Nataka muone ugonjwa wenyewe. Kalamu ile ile inafunga, kalamu ile ile inafungua. Siku ya kufungua tunapiga makofi na kusema asante mheshimiwa. Asante ya nini? Mtu akikunyang'anya baiskeli yako, akakaa nayo miaka mitano, siku anakurudishia matairi yamekwisha kuoza, unamwandalia sherehe?

Sasa niseme jambo ambalo vijana wengi wa Arusha hawalijui, na ni aibu kutolijua, maana linatokea puani pao. Mji huu unaouona wa watalii na mawe ya tanzanite ni mji unaohukumu magazeti. Ndiyo, Arusha!

Ile Mahakama ya Afrika Mashariki inakaa hapa. Juni 21, 2018 ilitoa hukumu kwamba kulifungia Mseto kulivunja Mkataba wa Jumuiya, ikaamuru gazeti liruhusiwe kuchapishwa. Leseni ikaja Februari 2022. Fanya hesabu: zaidi ya miaka mitatu na nusu baada ya hukumu. Machi 28, 2019 mahakama hiyo hiyo ikasema kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, iliyochukua nafasi ya ile ya 1976, vinakwenda kinyume cha Mkataba. Bunge lilikuja kurekebisha baadhi ya vifungu mwaka 2023.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo makao yake ni hapa hapa. Mwaka 2014 iliamua kesi mbili za Burkina Faso, na zote mbili ni za magazeti ya wiki. Moja ya Norbert Zongo, mhariri wa L'Indépendant, aliyeuawa Desemba 1998 pamoja na wenzake watatu, gari lao likachomwa moto. Mahakama ilisema serikali ile haikufanya bidii ya kuwatafuta wauaji. Nyingine ya Lohé Issa Konaté wa L'Ouragan, aliyefungwa miezi 12 kwa kumwandika mwendesha mashtaka wa serikali, na gazeti lake likafungiwa miezi sita. Mahakama ilisema kumtupa mwandishi jela kwa maneno ya namna ile ni kuvunja haki yake. Mtu katoka Ouagadougou, upande wa pili wa bara, kaja kutafutiwa haki na mahakama iliyo jirani na kijiwe chako. Na sisi wenye mji? Novemba 2019 serikali yetu ilijiondoa kwenye kile kibali kinachomruhusu mwananchi wa kawaida kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Mgeni anakula, mwenye nyumba anachungulia dirishani.

Najua wako watakaonijibu: magazeti yakiachiwa yatachoma nchi, angalia Rwanda. Hoja hiyo si ya kupuuza, na jibu lake pia liko Arusha. Hassan Ngeze alikuwa na gazeti lake, Kangura, lililoanza mwaka 1990 na kumwaga sumu ya kuwachukia Watutsi hadi damu ikamwagika. Alishtakiwa hapa, katika jengo la AICC, pamoja na vigogo wawili wa redio ya RTLM. Kesi ilianza Oktoba 2000. Mashahidi wakaitwa, mawakili wakabishana, makala zikasomwa neno kwa neno. Desemba 3, 2003 hukumu ikatoka: kifungo cha maisha, ambacho rufaa ya Novemba 2007 ilikipunguza kuwa miaka 35.

Mnaona? Gazeti lililosaidia kuua watu lilipewa mahakama, wakili, shahidi na rufaa. Ilichukua miaka. Gazeti la Kitanzania lililomwandika waziri lilipewa tangazo la ukurasa mmoja. Kama mwenye Kangura alistahili kusikilizwa, kwa nini asistahili mwandishi aliyeuliza fedha zimekwenda wapi? Atakayeniletea jibu la swali hilo nitamnunulia nyama choma na ndizi.

Nasi wa magazeti ya upinzani tusijitie utakatifu. Yako magazeti upande wetu yanayoandika kichwa cha habari kama moto wa petroli, ukifungua ndani hakuna kitu, majivu tu. Yako yanayomsifu kiongozi wa chama chao kama Uhuru lilivyowasifu wa kwake. Gazeti la namna hiyo humfundisha msomaji kusimama pale mezani na kusoma kichwa peke yake, kwa sababu ameshagundua kwamba kichwa ndicho gazeti zima. Kwa hilo tubebe lawama yetu. The Weekly Review halikujenga jina lake kwa herufi nyekundu. Lilijenga kwa kwenda, kuuliza, kurudi na kuuliza tena.

Lakini turudi kwako, adui wa nne, rafiki yangu. Gazeti lenye matangazo ya serikali linaishi hata usipolinunua. Gazeti lisilo na matangazo lina tajiri mmoja tu: wewe na mia zako. Ukisoma bure, umemwambia mhariri aende akatafute tajiri mwingine. Naye tajiri yule hakopeshi bure. Anataka kichwa cha habari. Leo utakuta picha ya bwana mkubwa anafungua kisima, kesho bwana mkubwa kapokelewa kwa shangwe, na wewe utasema kijiweni kwamba gazeti limenunuliwa. Kweli limenunuliwa, kwa sababu wewe ulikataa kulinunua!

Usiniambie fedha hakuna. Bei ya gazeti la wiki haifiki sahani moja ya chipsi. Vijana watano wa kijiwe kimoja wakichanga, kila mmoja anatoa sarafu na wote wanasoma, kwa zamu, kwa haki, bila ya kumwibia mtu jasho. Huko ni kushirikiana. Kumrushia gazeti zima mtu wa Mwanza asiyekujua ni kuliua.

Na kama unafikiri kuchangia sauti ni mambo ya Wazungu, tazama juu, uuone Mlima Meru. Mwaka 1951 serikali ya mkoloni iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki ili ardhi wapewe walowezi. Nyumba zikachomwa. Wazee wale hawakuwa na gazeti, hawakuwa na redio, wengi hawakuwa na viatu. Wakachanga. Shilingi kwa shilingi, hadi mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri kwenda New York, akasimama Umoja wa Mataifa na kusema yaliyowapata watu wake. Siku ile hawakurudishiwa ardhi. Lakini dunia ilisikia, na mkoloni hakuweza tena kusema kwamba hakuna kilichotokea. Sauti ile ililipiwa na watu maskini waliojua kwamba anayelipia sauti ndiye mwenye sauti.

Wajukuu wao ndio hawa wanaosimama Stendi Ndogo wakisoma vichwa vya habari kwa shingo za twiga.

Kesho asubuhi utapita tena pale. Muuza magazeti atakuwepo, magazeti yatakuwepo, duara la vijana litakuwepo. Ingiza mkono mfukoni. Chagua gazeti lolote la wiki unaloliamini, si lazima liwe hili. Lipa, likunje, nenda nalo kijiweni ukasome hadi ukurasa wa mwisho. Likiwa limekudanganya, wiki ijayo liache, hiyo nayo ni kura. Lakini usiniambie tena kwamba gazeti fulani limekufa na wewe hujui nani kaliua.